Pesa ya mtoto Minnesota: sheria ni nzuri, mlango ndo mwembamba

Jumamosi moja mwezi wa pili nilikuwa Brooklyn Park kwa dada mmoja tunayetoka naye upande mmoja wa Pwani, ndo kwanza katoka shifti ya usiku nasingi homu, bado kavaa skrabu zake za bluu na beji inaning'inia shingoni, akaniwekea chai ya tangawizi mezani halafu akaingia chumbani akarudi na mfuko wa nailoni umejaa bahasha. Nyingi hazijafunguliwa. Akaniambia kaka we angalia tu, mimi nikiona bahasha ya serikali moyo unaenda mbio, naitia humo naendelea na maisha. Ana watoto watatu, wote chini ya miaka 18, analea peke yake. Tukapanga zile karatasi kwa miaka, W-2 za 2023, zile karatasi za mwajiri za mshahara wa mwaka mzima, zikaonesha kama dola 38,000 hivi, ritani ya serikali kuu, yaani fomu ya kodi ya mwaka, ipo, aliifaili kwenye programu ya simu na rifandi akapata, ile kodi inayorudishwa. Nikamuuliza ya jimbo iko wapi. Akasema ile programu ilitaka hela ya ziada kufaili ya jimbo, na kwa vile jimbo lilikuwa linamkata kidogo tu kwenye mshahara akaona haina faida, akaiacha.

Nikapiga hesabu, nikairudia mara ya pili maana sikutaka kumpa mtu matumaini ya bure asubuhi hajalala. Dola 4,580. Hiyo ndo pesa ambayo jimbo la Minnesota lilikuwa limemtengea kwa mwaka mmoja tu wa 2023, bila kugusa hata kile kidogo alichokatwa. Alinyamaza, akashika kikombe kwa mikono miwili, halafu akauliza swali ambalo limenifanya niandike haya yote: sasa hiyo ni pesa ya nani, na kwa nini hakuna aliyeniambia?

Swali la kwanza linajibika kwa sheria. La pili ndo gumu.

Tuanze na sheria. Mwanzoni mwa 2023 Minnesota ilikuwa na ziada ya bajeti ya dola bilioni 17.5, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana jimboni pale, na chama kimoja, DFL, ndo Democrats wa Minnesota, ndo kwanza kilikuwa kimeshika Baraza la Wawakilishi, Seneti na ofisi ya gavana kwa pamoja, Seneti wakiwa na viti 34 kwa 33. Kila mtu alikuwa na wazo la matumizi. Gavana Tim Walz aliingia na pendekezo la kumtumia kila mlipa kodi asiyezidi kipato fulani cheki ya dola 1,000, wanandoa 2,000. Upande wa pili, na hata baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe waliokuwa wameahidi hivo kwenye kampeni, walitaka jimbo liache kabisa kutoza kodi kwenye malipo ya Social Security ya wazee, ile pensheni ya serikali kuu. Na walikuwepo waliosema hapana, hela hii iende kwa watoto wa wazazi wenye mishahara midogo, na iende kila mwaka, isiwe ya mara moja ikaisha.

Sheria iliyosainiwa Mei 2023 ilichukua kidogo cha kila mmoja, na mi naona namna walivyogawa ndo somo lenyewe. Cheki zilishuka mpaka dola 260 kwa mtu mmoja, 520 kwa wanandoa, na kila tegemezi 260 kwa watatu wa mwanzo, yaani mwisho kabisa familia ilipata 1,300. Wazee hawakupata msamaha kamili, walipata msamaha wenye kikomo. Na watoto wakapata krediti mpya: dola 1,750 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18, bila kikomo cha idadi, na inalipwa hata kama mzazi hadaiwi kodi hata senti moja.

Hapa nitulie kidogo maana haya maneno mawili, krediti na msamaha wa kipato, watu wetu wanayachanganya sana na kwenye hayo ndo pesa inapojificha.

Msamaha wa kipato maana yake serikali inaambia sehemu fulani ya kipato chako "hii tusiihesabu". Kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Sasa angalia inavyofanya kazi. Minnesota ina viwango vinne vya kodi ya mapato: asilimia 5.35, 6.80, 7.85 na 9.85. Ukiniondolea dola 10,000 kwenye hesabu na mimi niko kiwango cha chini kabisa, nimeokoa dola 535. Yule aliye juu kabisa, kwa dola 10,000 hizo hizo, kaokoa 985. Na yule ambaye kipato chake ni kidogo mpaka hadaiwi kodi yoyote, kaokoa sifuri, maana huwezi kumsamehe mtu deni ambalo hana. Kwa hiyo msamaha wa kipato, hata ukiandikwa kwa nia njema kiasi gani, ukiuachia bila kikomo unapanda juu wenyewe, wenye kingi ndo wanaokolewa kingi.

Krediti inakuja baada ya kodi kupigwa, inakatwa kwenye deni lenyewe dola kwa dola, kwa hiyo dola 1,750 ni dola 1,750 kwa kila mtu. Lakini napo kuna aina mbili, na waliokulia Kenya wataielewa upesi. Kule kila mfanyakazi ana nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi kwenye PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara. Anayelipwa 24,000 kodi yake ni asilimia 10, yaani 2,400, nafuu inaifuta yote, analipa sifuri. Anayelipwa 15,000 kodi yake ni 1,500, nafuu inaifuta, na zile 900 zilizobaki? Zinapotea. Hakuna siku KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, imemtumia mtu 900 zake kwa M-Pesa. Hiyo ni krediti isiyorudishwa, inafika kwenye sifuri inasimama. Krediti ya mtoto ya Minnesota haisimami kwenye sifuri. Kama kodi yako ya jimbo ni dola 150 na krediti ni 4,580, ile 150 inafutika na tofauti yote unaandikiwa cheki au inaingia benki. Hapo ndo sheria ya kodi inapomfikia mtu ambaye misamaha mingine yote inampita juu ya kichwa.

Hesabu ya dada yangu ilikwenda hivi. Watoto watatu mara 1,750 ni 5,250. Juu yake kuna krediti ya familia inayofanya kazi, ambayo sheria ile ile iliiunganisha na ya mtoto: asilimia 4 ya dola 8,750 za mwanzo alizochuma, yaani 350. Jumla 5,600. Halafu krediti inaanza kupunguzwa kipato kikivuka kiasi fulani, kwa mwaka ule ilikuwa dola 29,500 kwa mzazi asiyefaili na mwenza na 35,000 kwa wanandoa wanaofaili pamoja, na kinachopunguzwa ni senti 12 kwa kila dola inayozidi. Yeye alizidi kwa 8,500, asilimia 12 yake ni 1,020. Toa, inabaki 4,580. Haihitaji digrii hii. Inahitaji fomu moja, M1CWFC, na mtu wa kukaa chini aijaze.

Turudi kwa wazee, na hapa natarajia nitapigiwa kelele. Mzazi anapostaafu baada ya miaka thelathini ya kusukuma vitanda vya wagonjwa, kumwambia Social Security yake itozwe kodi inaonekana ukatili, na mi naelewa hisia hiyo kabisa. Lakini tuangalie nani hasa alikuwa anatozwa. Serikali kuu ilianza kugusa malipo haya kwa mabadiliko ya 1983, na hata ilipoanza iliwaacha nje wenye kipato kidogo, kizingiti kikiwa dola 25,000 kwa mtu mmoja na 32,000 kwa wanandoa, na Minnesota inaanzia hesabu yake kwenye hesabu ya serikali kuu. Kwa hiyo mzee anayeishi kwa Social Security peke yake hakuwa anatozwa na jimbo tangu zamani. Aliyekuwa anatozwa ni yule mwenye Social Security pamoja na pensheni pamoja na hisa pamoja na nyumba ya kupangisha. Sheria ya 2023 ikasogeza mstari mbali zaidi: wanandoa wenye kipato cha hadi dola 100,000, au mtu mmoja hadi 78,000, kwa mwaka ule wa 2023 malipo yao yote ya Social Security yaliondolewa kwenye kodi ya jimbo, na juu ya hapo msamaha ulipungua asilimia 10 kwa kila dola 4,000 zinazoongezeka. Kwa makadirio yaliyotolewa wakati ule, zaidi ya robo tatu ya wanaopokea Social Security jimboni hawaguswi tena. Mi nasema hapo walifika mahali pazuri, wangesimama hapo hapo.

Maana presha haijaisha. Missouri na Nebraska ziliondoa kodi hiyo yote 2024, Kansas nayo ikaondoa, West Virginia imeiondoa kidogo kidogo mpaka 2026, na kila mwaka bungeni St. Paul kuna mtu anasimama na orodha hiyo anauliza sisi tunangoja nini. Jibu langu ni kwamba walengwa waliobaki ni wastaafu wenye kipato kikubwa, kama wanandoa wa zaidi ya laki moja kwa mwaka, na kila dola utakayowasamehe hao itabidi itoke mahali, na mahali penyewe panajulikana. Ziada ya bilioni 17.5 ilikuwa ya mwaka ule, sasa imekwisha. Ukimpa yule wa juu msamaha kamili, kesho yake bajeti ikibana kitakachotazamwa cha kukata ni ile 1,750 ya mtoto, maana mtoto hapigi kura na mama yake yuko shifti siku ya kusikiliza maoni.

Zile cheki za 260 nazisema kwa ufupi tu. Zilitoka kwa kampuni ya Montana iliyopewa kazi ya kuzituma, watu wakaona bahasha ya jimbo la mbali wakadhani matapeli, wengine wakazitupa kwenye takataka. Halafu IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ikasema hiyo ni mapato, ikatwe kodi ya serikali kuu, kwa hiyo mtu aliyeko kiwango cha asilimia 10 alirudisha dola 26 kwenye zile 260, na familia iliyopata 1,300 ikiwa kiwango cha asilimia 22 ikarudisha 286. Pesa ya mara moja, imekuja na fujo, imeondoka. Fikiria kama pendekezo la mwanzo la dola 1,000 kila mtu lingepita, sehemu kubwa zaidi ya ziada ile ingeishia hapo na kilichobaki kwa watoto kingekuwa kidogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu watunga sheria hawakulitafakari vya kutosha, na linawagusa watu wetu kuliko karibu kundi lolote jimboni, kwa sababu sisi ndo tuliojaa kwenye nasingi homu na nyumba za wazee na walemavu, na sisi ndo tunaochukua ovataimu.

Yule dada aliniambia mwaka ule alikataa shifti nyingi maana "ukifanya sana wanakula yote". Nimewahi kusikia hiyo kauli mara mia nikawa naipinga, nawaambia watu hapana, ukichuma zaidi unabaki na zaidi. Bado ni kweli, unabaki na zaidi, lakini niliposhika kalamu nione anabaki na ngapi nilishtuka. Chukua dola 100 za ziada juu ya zile 38,000, kwa sheria za 2023. Makato ya Social Security na Medicare, ile bima ya afya ya wazee, yanachukua 7.65. Kodi ya serikali kuu asilimia 12. Krediti ya serikali kuu ya wenye kipato cha kazi, EITC, kwa mtu mwenye watoto watatu inapungua kwa dola 21.06. Kodi ya jimbo 5.35. Na krediti mpya ya jimbo inapungua kwa 12. Jumlisha, ni dola 58 na senti sita. Katika kila mia moja anayoichuma usiku wa manane akigeuza wagonjwa, inabaki 42, na hapo bado sijagusa chakula cha msaada, bima wala ruzuku ya malezi ya mtoto ambazo nazo zina mistari yake. Milionea wa kule Edina hakatwi hivo kwenye dola yake ya mwisho.

Kosa halipo kwenye krediti kuwepo. Lipo kwenye kuipunguza haraka, tena mahali pale pale ambapo krediti ya serikali kuu nayo inapungua, kwa hiyo mtu anakutana na miteremko miwili kwa mpigo. Bunge lilitaka kuokoa pesa kwa kuhakikisha krediti haifiki kwa wenye kipato cha kati, na haifiki kweli, kwa hesabu ya 2023 mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja akifika dola 47,000 imekwisha. Mi ningependa zaidi wapunguze kwa senti 8 badala ya 12, na gharama yake wailipe kwa kuacha hayo mazungumzo ya msamaha kamili wa Social Security. Huo ndo uchaguzi halisi ulioko mezani, dola zile zile, mama wa 38,000 au wanandoa wa 140,000.

Na kuna kitu kipya kimeongezeka. Sheria ya serikali kuu ya 2025 ilikuja na kile kilichouzwa kama "hakuna kodi kwenye ovataimu", na watu wetu walifurahi sana, nilipata meseji za sauti siku ile mpaka simu ikajaa. Tuisome taratibu. Kinachoondolewa siyo ovataimu yote, ni ile nusu ya nyongeza tu. Ukilipwa dola 100 za ovataimu kwa mara moja na nusu, nyongeza ndani yake ni dola 33 na kitu. Mtu wa kiwango cha asilimia 10 au 12 anaokoa dola 3 au 4. Social Security na Medicare zinakatwa kama kawaida. Na kwa vile punguzo hili linakuja baada ya kipato kilichorekebishwa kuhesabiwa, haliingii kwenye hesabu ya EITC, na haliingii kwenye hesabu ya Minnesota kwa sababu jimbo linaanzia kwenye kipato kilichorekebishwa, kabla ya punguzo hilo halijagusa kitu. Yaani ile miteremko miwili niliyoitaja iko pale pale, na kodi ya jimbo iko pale pale. Punguzo lenyewe lina miaka, 2025 hadi 2028, na lazima uwe na namba ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya serikali kuu, inayoruhusu kazi.

Zipo sauti sasa zinazotaka Minnesota nayo ifuate, iondoe ovataimu na bakshishi kwenye kodi ya jimbo. Inasikika vizuri, nani atapinga? Mi napinga, na naomba mnisikilize kabla hamjakasirika. Kwa dada yule jimbo likiiga punguzo hilo ataokoa asilimia 5.35 ya dola 33, ni dola moja na senti 78 kwa kila mia ya ovataimu. Ukipunguza mteremko wa krediti kutoka senti 12 hadi 8, anaokoa dola nne kwa kila mia, iwe ovataimu au shifti ya kawaida au kazi ya pili, na anayelipwa mshahara wa kawaida bila ovataimu naye anapata. Ukitaka kumsaidia mfanyakazi wa nasingi homu kweli, krediti ndo inamfikia.

Kitu ambacho Minnesota ilifanya na sijaona kikisifiwa inavyostahili ni kuhusu namba. Krediti ya serikali kuu ya mtoto tangu sheria ya 2017 inataka mtoto awe na namba ya Social Security, na sheria ya 2025 ikaongeza kwamba hata mzazi, angalau mmoja, awe nayo. EITC ya serikali kuu ndo kabisa, mzazi, mwenza wake na kila mtoto anayehesabiwa lazima wawe nazo. Jimbo likasema mzazi anayelipa kodi kwa ITIN, namba ya kodi anayopewa asiye na ya Social Security, naye anastahili krediti ya mtoto na ile ya familia inayofanya kazi. Nimekaa na familia ambazo baba anakatwa kodi kila wiki mbili kwa miaka minane, hajawahi kupata kitu kinachorudi kutoka jimboni, na watoto wake wamezaliwa hospitali za hapa hapa. Kwa hao, 2023 sheria ya kodi ya jimbo iliwatazama usoni.

Halafu Aprili 2025 wizara mbili za serikali kuu zikasaini makubaliano ya IRS kupeana taarifa za walipa kodi na maafisa wa uhamiaji, na mkuu wa muda wa IRS akaondoka kazini baada ya hapo. Sitawaambia watu wasiogope, si haki yangu, kila mtu aongee na wakili kuhusu hali yake. Ila nasema kama mchambuzi: jimbo haliwezi kudai limefungua mlango kwa wenye ITIN wakati njia ya kufikia mlango huo inapita kwenye ritani ya serikali kuu. Fomu ya Minnesota inaanza na namba inayotoka kwenye fomu ya serikali kuu, ndo mstari wa kwanza. Jimbo lina idara yake ya mapato, lina mamlaka yake, linaweza kubuni namna ya mtu kudai krediti ya jimbo kwa kutumia W-2 zake bila kupitia Washington. Itahitaji kazi na sheria mpya. Lakini bila hivo tunaandika haki kwenye karatasi na mwenye haki hathubutu kuigusa.

Nitaje na hili la nyumbani kwa sababu naulizwa kila mwaka. Mtoto aliyeko Likoni kwa bibi yake, unayemlipia ada na chakula na daktari kila mwezi, hahesabiki kwenye krediti hii. Lazima aishi na wewe hapa Marekani zaidi ya nusu mwaka. Najua inauma, mtu anatuma dola 300 kila mwezi halafu anaambiwa huyo siyo tegemezi wako. Wapo wanaojaza ritani watakwambia "tumweke tu, nani atajua", wakachukua ada yao wakaenda. Barua ikija haiji kwao. Inakuja kwako, na pesa inarudishwa na riba. Msikubali.

Sasa lile swali la pili, kwa nini hakuna aliyemwambia.

Krediti yote hii nzuri inaishi ndani ya ritani ya jimbo. Kama huifaili, haipo. Na watunga sheria wakaendelea kuingiza vitu humo: nafuu ya wapangaji, ambayo zamani ilikuwa na fomu yake pekee unaituma mwezi wa nane, kuanzia mwaka wa kodi 2024 imehamia humo humo kwenye ritani, unaambatanisha ile karatasi ya mwenye nyumba inayoonesha kodi ya pango uliyolipa. Kwa anayefaili imekuwa rahisi, fomu moja imepungua. Kwa yule ambaye haifaili ya jimbo, sasa anapoteza vitu viwili pale alipokuwa anapoteza kimoja. Na kisheria mtu wa 38,000 alitakiwa afaili, lakini hakuna barua kwenye ule mfuko iliyosema "mama, una watoto watatu, tuna dola 4,580 zako". Tulizifungua zote. Kulikuwa na za bima, za shule, za kampuni ya maji. Hiyo haikuwemo.

Idara ya mapato inajua alichuma ngapi, maana mwajiri anawatumia W-2 kila mwisho wa Januari. Inachokosa ni kujua watoto wanaishi na nani, na hilo nakubali ni gumu, kuna familia mtoto yuko wiki hii kwa mama wiki ijayo kwa baba. Lakini kutoka kutojua kitu kimoja mpaka kunyamaza kabisa ni mbali sana. Tuma barua ya ukurasa mmoja kwa kila mtu mwenye W-2 ya chini ya kiasi fulani asiyefaili, iwe kwa Kisomali, Kihmong, Kihispania, na ndiyo, Kiswahili. Kenya yenyewe kwenye Sheria ya Fedha ya 2025 imemtwika mwajiri jukumu la kuhakikisha nafuu zote zinazomstahili mfanyakazi zimewekwa kabla ya kukata PAYE, badala ya kumwachia mfanyakazi ahangaike na KRA kudai baadaye. Kama Nairobi wameona mzigo wa kudai umhamie anayejua sheria, St. Paul wanashindwaje?

Programu za kufaili nazo ziangaliwe. Zipo za bure kwa kipato cha chini, na zipo meza za VITA ambapo wajitoleaji wanakufailia bila malipo kwenye maktaba na makanisa, lakini mtu akifungua ya kwanza iliyotokea kwenye simu anaongozwa hatua kwa hatua mpaka mahali pa kulipia ritani ya jimbo, na pale ndo yule dada aliposhuka. IRS ilikuwa na mfumo wake wa bure wa kufaili moja kwa moja, ulifika majimbo 25 mwaka 2025, Minnesota haikuwemo, na sasa umefungwa. Kwa sababu hiyo jimbo lijenge wake. Ukishaamua kupitisha pesa ya watoto kwenye ritani, ritani yenyewe haiwezi kuwa na kibanda cha ushuru mlangoni.

Kwa upande wetu kuna saa inayotembea. Minnesota inakupa miaka mitatu na nusu tangu tarehe ya mwisho ya kufaili kudai rifandi, kwa hiyo ritani ya 2023, iliyotakiwa Aprili 15, 2024, bado inaweza kudaiwa mpaka Oktoba 15, 2027. Kama ulifaili serikali kuu pekee mwaka ule, au ulifaili ya jimbo bila ile M1CWFC, toa karatasi zako utazame. Ya 2024 nayo ina muda wake mpaka Oktoba 2028.

Siku ile tulimaliza saa tisa mchana. Mtoto wake wa mwisho aliamka akaja kukaa juu ya meza katikati ya karatasi, tukawa tunamwondoa anarudi. Ya 2023 tuliichapisha tukaisaini tukaitia bahasha, ya 2024 tukagundua nayo ya jimbo haipo, tukaanza upya na W-2 nyingine. Ile karatasi ya nyumba hakuwa nayo, mwenye nyumba hakuwahi kumpa na yeye hakujua kama anatakiwa kuidai. Alimpigia simu pale pale, skrabu bado mwilini, hajalala tangu jana yake.